Kazi ya ekipe: mutu wa chini akisema, nani anasikia?

Siku hizi, ku biro za kompani, neno moja linatembea: « agile ». Kwa Kifaransa ni mutu mwepesi, anayeweza kugeuka haraka bila kuanguka. Mukubwa anarudi kutoka formasio, anatundika ubao ku ukuta, anabandika karatasi za rangi, anaomba watu wasimame duara kila asubuhi. Wafanyakazi wanaangaliana: « Hii nayo ni nini tena? » Wengine wanasema ni mambo ya vijana wa kompyuta. Wengine wanaogopa, maana mara nyingi biro ikileta neno jipya, mwisho wake ni kupunguza watu.

Woga huo si wa bure, na tutaurudilia hapa chini. Lakini tumefuata njia hiyo toka mwanzo wake, na tumekuta jambo ambalo wakubwa hawasemi mu formasio: mizizi yake haiko ku kompyuta. Iko mu viwanda, na zaidi iko chini ya udongo, kwa wachimbaji. Ndiyo sababu tunaona wachimbaji wa Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi na Fungurume wanaweza kuihukumu vizuri kuliko mutu mwingine.

NENO LILITOKA WAPI

Mwezi wa pili 2001, watu 17 wenye kutengeneza programu za kompyuta walikutana Snowbird, mu milima ya Utah, Marekani. Shida yao ilikuwa moja. Programu kubwa ilikuwa ikipangwa kama nyumba: kwanza kuandika plani nzima kwa miezi mingi, kisha kujenga, kisha kujaribu mwisho kabisa. Ikifika ku mikono ya mwenye kuiomba, anasema: « Hii siyo niliyoomba. » Ao mahitaji yake yalishageuka zamani. Feza zimeliwa, miaka imepita.

Watu hao waliandika karatasi fupi yenye mambo manne. Watu na masemezano yao yapite vyombo na taratibu. Kazi inayotembea ipite marundo ya karatasi. Kusikilizana na mwenye kuomba kazi kupite kubishana juu ya mukataba. Na kujua kugeuka wakati mambo yanageuka kupite kufuata plani kama kipofu. Hawakusema plani na karatasi ni bure. Walisema tu kipi kitangulie.

Namna inayojulikana zaidi ya kufanya hivyo inaitwa skramu. Jina limetoka ku muchezo wa ragbi, pale wachezaji wanashikana mabega na kusukuma pamoja. Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walilitumia mwaka 1986 juu ya ekipe za viwanda, kisha Wamarekani Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakalichukua juu ya kazi ya programu. Kanuni ni chache: ekipe ndogo, watu wasipite kumi hivi, kazi inakatwa kwa vipande vya juma moja mpaka mwezi mumoja, kila siku masemezano ya dakika 15, na mwisho wa kila kipande, ekipe inaonyesha kazi yake, kisha inakaa na kujiuliza namna gani itafanya vizuri zaidi.

WACHIMBAJI WALITANGULIA

Sasa turudi nyuma miaka 50. Mwaka 1951, Eric Trist na Ken Bamforth, wa Tavistock Institute ya London, walitoa uchunguzi juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza. Bamforth hakuwa mugeni wa chini ya udongo: alikuwa amechimba makaa yeye mwenyewe.

Waliyoyakuta ni haya. Zamani, makaa yalichimbwa na watu wawili, mara ingine na kijana wa kuwasaidia. Wawili hao walichaguana wenyewe. Walifanya kazi yote toka mwanzo mpaka mwisho: kukata, kupakia, kusimamisha miti ya kushikilia paa. Walilipwa pamoja. Urafiki huo ulidumu miaka, na kama mumoja aliumia ao alikufa, haikuwa ajabu kuona mwenzake anabeba muzigo wa kuangalia jamaa yake.

Kisha mashini zikaingia. Ukuta mumoja murefu wa makaa ukaanza kuchimbwa mara moja, na watu 40 mpaka 50 wakagawanywa mu poste tatu. Poste moja inakata. Ingine inasogeza mukanda wa kubeba makaa na kutengeneza njia. Ya tatu inapakia. Kila mutu ana kazi yake moja tu, na malipo yake. Wenye kupakia wanatawanyika mu tuneli ya chini, kila mutu peke yake mbele ya kipande chake, mu giza.

Ku karatasi, ilikuwa akili sana. Ku kazi, ikaharibika. Poste ya kwanza ikikata vibaya, anayeteseka ni mutu wa poste ya tatu, ambaye pengine hajaonana na aliyeharibu. Hana wa kumulalamikia isipokuwa shefu, na shefu ana watu wengi wenye kulalamika. Poste zikaanza kutupiana lawama. Wengine wakawa wanakosa kazi siku kwa siku. Kila mutu akajifunza kujilinda yeye mwenyewe. Musomaji aliyefanya kazi ya poste tatu hana haja ya kuelezwa. Hata hapa kwetu anasikia kila juma: « Batu ba usiku njo baliharibu. »

Lakini mu migodi fulani ya Yorkshire, na kisha ya Durham, wachimbaji walipatana na wakubwa na sendika yao kupanga watu kwa namna ingine. Mashini zilibaki. Ukuta murefu ulibaki. Lakini ekipe moja ilishika kazi yote ya poste tatu. Kila mutu alijua kazi zaidi ya moja. Mushahara ulikuwa wa ekipe nzima, na wenyewe walipanga nani anafanya nini leo na nani kesho. Poste iliyoingia ilianza pale wenzao waliachia. Haikungoja, wala haikusema « ile si kazi yangu. »

Mu miaka ya 1950, watu wa Tavistock walilinganisha namna hizo mbili ku Durham, udongo na mashini za namna moja. Pale kazi ilikatwa vipande, watu walikosa kazi karibu siku 20 juu ya 100. Pale kulikuwa ekipe moja, karibu siku 8. Siku zilizopotea juu ya aksida zilipunguka sana, na makaa yalitoka mingi zaidi. Hakuna mashini mupya iliyonunuliwa juu ya hiyo. Kilichogeuka ni nani anasemezana na nani, na nani anajiona kuwa mwenye kazi.

KAMBA YA FREMONT

Mufano wa pili ni kiwanda cha magari cha Fremont, mu California. General Motors walikifunga mwaka 1982. Sifa yake ilikuwa mbaya: watu wanakosa kazi kila siku, malalamiko yanarundikana, magari yanatoka na makosa. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena na kompani ingine, NUMMI, ya General Motors na Toyota pamoja. Wafanyakazi wengi waliochukuliwa walikuwa wale wale wa zamani, na sendika ile ile, UAW. Mamia yao walitumwa Japani kuona namna kazi inafanywa kule.

Toyota walileta kitu ambacho watu wa Fremont walikuwa na shida kuamini: kamba, juu ya mustari wa kazi. Mutu yeyote akiona kosa, anavuta. Shefu wa ekipe anakuja mbio, si kwa kugombeza, ila kwa kusaidia. Kama shida haijaisha kwa muda mufupi, mustari unasimama. Zamani, kusimamisha mustari kulikuwa kitu cha kuogopa kuliko kutoa gari mbovu. Kwa Toyota wazo hilo ni la siku nyingi. Sakichi Toyoda, baba wa mwanzishaji wa kompani, alitengeneza mashini ya kufuma nguo inayosimama yenyewe wakati uzi unakatika, kusudi kitambaa kibovu kisiendelee kutoka.

Watu wakapangwa mu ekipe ndogo. Wenyewe waliandika namna ya kufanya kila kazi, na wenyewe waliruhusiwa kuigeuza wakiona namna bora. Kwa muda mufupi magari ya Fremont yakawa kati ya magari bora ya General Motors. Kukosa kazi kulishuka toka karibu 20 juu ya 100 mpaka 2 ao 3.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanasahau wakirudi kutoka formasio. Mukataba wa NUMMI na sendika uliahidi kwamba kompani haitafukuza watu isipokuwa iko mu hatari kubwa kabisa, na hata hapo, wakubwa watakatwa mishahara kwanza. Mwaka 1988 magari hayakuuzika vizuri. Kompani haikufukuza watu. Iliwatuma ku masomo na ku kazi zingine za kiwanda. Ndiyo maana mufanyakazi aliweza kusema bila woga: « Kazi hii tuko watano, wane wanatosha. » Alijua kwamba kusema ukweli hakutamutupa mu barabara, yeye wala mwenzake.

General Motors walitaka kupeleka njia hiyo ku kiwanda chao cha Van Nuys, mu California hiyo hiyo. Haikushika. Wakubwa na wafanyakazi hawakuaminiana, na kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Kamba inaweza kununuliwa ku soko. Kuaminiana hapana.

Habari hiyo iko karibu na sisi kuliko tunavyowaza. NUMMI ilifunga milango mwaka 2010, na mwaka ule ule Tesla wakanunua kiwanda. Leo kinatoa magari ya umeme. Betri za namna nyingi za magari hayo zinaomba kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Kama kamba ya kusimamisha kazi ilitengeneza kiwanda cha mwisho wa njia, mbona isifike huku mwanzo wa njia, pale mutu anaweza kufa?

HATARI INALALA PA KUBADILISHANA POSTE

Tuchukue mufano. Poste ya usiku imetoboa mashimo 40, imeweka baruti, imelipua. Shimo moja halikupasuka. Mutu mumoja ameona, ao amehesabu milio na kuwaza kwamba haikutimia. Lakini basi la kurudisha watu limeshafika. Shefu wa usiku anajaza karatasi haraka haraka, anaandika zile herufi tatu tunazozijua wote: RAS. Poste ya asubuhi inashuka na mashini ya kutoboa. Kila muchimbaji anajua yanayoweza kufuata, chuma kikiingia pale baruti imebaki.

Mu hadisi hii hakuna mutu mubaya. Kuna mutu amechoka, na kuna njia ya kusemezana ambayo haipo. Ikiwa « agile » inashuka kweli mu mugodi, isianze na karatasi za rangi za ku biro. Ianze hapo, pale poste mbili zinaonana uso kwa uso. Maulizo ni matatu: Mumefanya nini? Mumeacha nini? Hatari iko wapi?

Masemezano yenyewe ni mafupi. Anayetoka anasema: « Tulitoboa makumi ine. Makumi tatu na kenda ilipasuka, moja hapana. Iko ku kushoto, karibu na chini. Tulitia alama. Musiguse mbele mutu wa baruti afike. » Anayeingia anarudilia: « Kushoto, chini, moja, alama iko. Hatugusi. » Kurudilia huko si muchezo wa watoto. Mutu wa ndege angani na mutu wa chini wa uwanja wa ndege wanafanya hivyo kila siku, maana kusikia na kuelewa ni vitu viwili.

Dakika kumi zinatosha. Lakini dakika hizo ziwe mu masaa ya kazi yenye kulipwa. Kompani ikizikata ku usingizi wa wafanyakazi, ao basi ikiondoka mbele, hakuna atakayebaki kusemezana, na RAS itarudi.

ROBO SAA, UBAO, NA JUMA MOJA

Mu migodi mingi kuna « causerie » ya asubuhi juu ya usalama. Ni kitu kizuri. Lakini mara nyingi mutu mumoja anasema na makumi wanatikisa kichwa. Mu robo saa ya skramu hakuna hotuba. Watu wanasimama, maana ukikaa unarefusha maneno. Kila mutu anasema kwa maneno machache kazi yake ya leo na kitu kinachomuzuia. Shida ikiomba masemezano marefu, wanaohusika wanabaki kisha, wengine wanaenda. Na sisi tunaongeza shauri moja: shefu aseme wa mwisho. Akitangulia, wote watarudilia maneno yake, na kile mutu wa chini ameona kitabaki mu tumbo.

Ubao nao hauombi feza. Musitari mine na chaki: ya kufanya, inayofanywa, imekwama, imeisha. Taiichi Ohno wa Toyota alifanya kazi ya kiwanda itembee kwa vikaratasi vya namna hiyo, vyenye kuonyesha nini kinaombwa na kwa kiasi gani. Siri yake ni kutoanza vitu mingi mbele ya kumaliza. Tuwaze garaji ya kamyo: kamyo saba zimefunguliwa tumbo, hata moja haitembei, kila moja inangoja kipande. Mafundi wanatoa jasho, na mugodi unangoja. Afazali mbili zifungwe zitembee, mbele ya kufungua ya nane. Ubao unaonyesha jambo hilo kwa macho, hata kwa mutu asiyesoma sana. Na ile sehemu ya « imekwama » inaonyesha wakubwa kazi yao wenyewe: mara nyingi kilichokwama kinangoja saini, kipande ao ruhusa kutoka juu.

Kisha kuna kuangalia nyuma, mwisho wa juma. Nusu saa. Nini kilienda vizuri? Nini kilitusumbua? Tugeuze nini juma lijalo? Chagueni jambo moja tu, dogo, na mutu mumoja wa kulifuata. Juma lijalo muulizane kama limefanywa.

Hapo watu wengi wanakosea, wanageuza mukutano kuwa kesi. Tuseme pompi ya maji imekufa. Juu ya nini? Moteri imeungua. Juu ya nini? Ilivuta kupita nguvu yake. Juu ya nini? Chujio limejaa matope. Juu ya nini halikusafishwa? Asubuhi waliwaza ni kazi ya usiku, usiku waliwaza ni kazi ya asubuhi. Juu ya nini? Haijaandikwa popote. Kama tungesimama ku ulizo la kwanza, tungekata mushahara wa fundi, na mwezi ujao pompi ingekufa tena. Tukifika ku la tano, tunaandika musitari mumoja ku ubao na shida inaisha.

VITU AMBAVYO EKIPE HAIPIGII KURA

Tusidanganyane. Mugodi si kompyuta. Programu ikiharibika leo, kesho inatengenezwa. Paa likianguka, halirudishi watu. Mwenye kutengeneza programu anaweza kujaribu hivi, akikosa ajaribu vile. Muchimbaji hawezi kujaribu-jaribu na hewa ya mugodi, na vyuma vya kushikilia paa, na baruti, na kufunga umeme mbele ya kugusa mashini. Kanuni hizo zina damu ya watu ndani yake. Ekipe haizipigii kura, hata kama juma liko na haraka.

Kile ekipe inaweza ni hiki: kuona mapema na kusimamisha. Mutu anayegusa jiwe kila siku anasikia sauti yake ikigeuka mbele ya mutu wa biro. Mukataba nambari 176 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1995, juu ya usalama mu migodi, unasema mufanyakazi ana haki ya kuondoka mahali akiwa na sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa kwa maisha yake. Na sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inapanga komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Kwa hiyo, jambo la hatari likikaa ku sehemu ya « imekwama », lisingoje juma liishe. Delege wa sendika alipeleke ku komite, kwa maandiko, na tarehe, na jina la aliyelipokea. Ubao unafutika. Karatasi yenye saini haifutiki haraka.

BA-CREUSEUR NAO?

Musomaji mumoja atasema: « Hayo ni ya watu wa kompani. Sisi tuko ku shimo letu. » Lakini tukiangalia vizuri, ba-creuseur njo wako karibu zaidi na wale Waingereza wawili wa zamani. Ekipe yao ni ndogo. Wamechaguana wenyewe. Mumoja anachimba, mwingine anavuta kamba, mwingine anabeba, na kile kinachouzwa kinagawanywa. Kujipanga wanajua tangu zamani.

Kinachokosa ni ile kamba ya kusimamisha. Sheria inakataza shimo la muchimbaji wa mukono kupita mita 30, lakini deni halijui mita. Aliyetoa feza za chakula na za vyombo anangoja mali yake. Mvua ikinyesha, udongo umelowa, kila mutu anaona hatari, na kila mutu anangoja mwenzake aseme. Hapo ekipe ipatane mbele, siku ya jua, si siku ya mvua: kama mutu yeyote, hata kijana mwenye kubeba mifuko, anasema « Tutoke », wote wanatoka, kisha njo wanabishana inje. Na siku ile isiyochimbwa isikatwe ku fungu la aliyesema. Kooperative yenye kuandika neno hilo mu kanuni zake itakuwa imefanya zaidi ya formasio mingi.

KU NYUMBA

Kazi ya poste inaingia ku nyumba pia. Mama anajua kama baba hakulala, mbele shefu ajue. Baba akitoka usiku na kukuta watoto wanacheza redio kwa sauti, atashuka tena na usingizi mu macho, na usingizi ni hatari kama gazi. Tumesikia jamaa zenye kubandika kalenda ya poste ku mulango: juma hili baba yuko usiku, hakuna kelele mpaka saa nane ya muchana. Zingine zinakaa siku ya mungu mangaribi, nusu saa, baba, mama na watoto wakubwa: minerval ya shule inalipwa lini, unga umebaki kiasi gani, nani ana homa, deni gani lisonge mbele. Ni masemezano yale yale ya ekipe. Hata hapo, baba aseme wa mwisho, maana mama na watoto wana habari ambayo yeye, aliyekuwa chini, hakuiona.

MAULIZO YA KUPELEKA KU MUKUTANO

Basi, siku mukubwa analeta ubao na karatasi za rangi, musikatae mbio, na musikubali mbio. Kidole kimoja hakivunji chawa: delege na ekipe waende pamoja, na maulizo yaliyoandikwa.

La kwanza: dakika za kubadilishana poste zinalipwa? La pili: tukipata namna ya kufanya kazi na watu wachache, hao wengine wanaenda wapi? Kompani iandike jibu, kama NUMMI waliandika. La tatu: wafanyakazi wa sous-traitance, wenye mukataba wa miezi mitatu, wako mu duara pamoja na wengine, ao wanasimama pembeni? Maana mutu mwenye kuogopa mwisho wa mwezi hatasema kitu, na ekipe ambayo nusu yake inanyamaza ina macho nusu. La ine: bonusi ya shefu inahesabiwa namna gani? Ikiwa inahesabiwa kwa tani tu, atachukia kila mutu anayesimamisha kazi, hata akiwa mutu muzuri.

Na la tano, ambalo linabeba yote: mutu akisimamisha kazi juu ya hatari, kisha ikaonekana hatari haikuwa kubwa, anaambiwa nini? Akiambiwa aksanti kwa kuangalia, njia hiyo ni ya kweli, na muishike kwa mikono miwili. Akiitwa ku biro kujieleza, karatasi za rangi ni mapambo tu. Kesho yake mwenzake ataona ufa mu paa, na atanyamaza.